Kuiamsha injini ya Mercedes 280E bila kung'oa K-Jetronic yake

Kila mwenye Mercedes 280E ya umbo la W123 hapa Dar ameshaambiwa neno hilihili na fundi, ng'oa huo mtambo wa injeksheni weka kabureta gari itulie. Mi niliambiwa na mafundi watatu ndani ya mwezi mmoja. Gari yangu ni ya 1981, ilikuwa haishiki silensa, yaani haitulii ikiunguruma bila kukanyagwa, inakunywa mafuta kama lori, ukikanyaga inasita kwanza ndo inaondoka, na nusura nikubali maana nilishachoka. Sikukubali, na sa hivi ile injini inavuta kuliko siku yoyote tangu niinunue na K-Jetronic, ndo huo mtambo wa injeksheni unaomwaga mafuta kwenye injini, iko palepale ilipofungwa Ujerumani. Nawaandikia nilichofanya kwa mfuatano wake, maana kwenye hii kazi mfuatano ndo kila kitu, ukianza kufikiria kamshafti, ule mhimili unaofungua valvu, kabla hujapima presha ya mafuta umeshapotea njia.

Ujue kwanza umeshika nini mkononi. Injini ni M110, silinda sita za mstari, cc 2746, kamshafti mbili juu, valvu 12, bloku ya chuma na silinda hedi ya aluminiamu. Za mwanzo zilitoka na hosipawa 177, kuanzia 1978 wakapandisha kompresheni mpaka 9.0 ikawa 185, na kwa gari ya enzi zile hiyo ni nguvu ya heshima. Mwaka 1977 gari hizihizi za 280E zilichukua namba moja na namba mbili kwenye mashindano ya London mpaka Sydney, kilomita kama 30,000, Andrew Cowan ndo aliyeshinda, wakapita Iran, Afghanistan, India na jangwa la Australia. Safari Rally ya 1979 Hannu Mikkola akamaliza wa pili na 450 SLC 5.0 ambayo nayo ni K-Jetronic. Kwa hiyo mtu akikwambia huu mtambo hauwezi vumbi na barabara mbovu, hapahapa kwetu Afrika Mashariki umeshapita kwenye vumbi kwa spidi ambayo mi na wewe hatutaifikia.

Sasa uelewe unavyofanya kazi, usiruke hapa. Hewa yote inayoingia kwenye injini inapita kwenye sahani moja ya duara iliyo chini ya filta ya hewa. Hewa ikiisukuma sahani, mkono wake unanyanyua planja, kijiti cha chuma kinachoteleza, ndani ya distributa ya mafuta, planja ikipanda inafungua mianya sita midogo sana, kila mwanya unapeleka mafuta kwenye nozeli yake, na nozeli zinamwaga muda wote injini ikiwaka, hazifungi na kufungua kama za magari ya sasa. Hamna kompyuta. Juu ya ile planja kuna presha ya mafuta inayoikandamiza isipande ovyo, hiyo ndo kontroli presha, na anayeipanga ni regyuleta ya womapu, kidude kinachobadilisha presha kadiri injini inavyopata moto. Presha ikiwa chini planja inapanda kirahisi na mafuta yanakuwa mengi, presha ikipanda mafuta yanapungua. Basi, mtambo wote ndo huo.

Ukilielewa hilo utaona kwa nini inawezekana kuongeza nguvu bila kuung'oa. Mtambo unapima hewa yenyewe, haukisii. Injini ikipumua vizuri zaidi sahani inasukumwa zaidi na mafuta yanaongezeka yenyewe. Kabureta ingekudai jeti mpya kila ukibadilisha kitu, huu unakudai vitu viwili tu, hewa yote ipite kwenye sahani na presha ziwe sahihi.

Tuanze na hewa. Hewa yoyote inayoingia baada ya sahani mi naiita hewa ya wizi, injini inaivuta lakini mtambo haujaihesabu, mchanganyiko unakuwa mkavu na gari inatetemeka. Kwenye hizi gari za miaka 40 mipira yote imeshakauka kwa joto letu. Mkosaji mkubwa kwangu ulikuwa ule mpira mnene kati ya sahani na throto (mlango wa hewa unaofunguka ukikanyaga), kwa juu ulionekana mzima kabisa, nilipoutoa na kuukunja kwa mikono ufa ukafunguka chini yake mrefu kama kidole changu, yaani injini ilikuwa inapumulia hapo miaka yote. Badilisha huo mpira, badilisha oringi za nozeli zote sita maana zinakuwa ngumu kama plastiki, hosi zote za vakyumu, gasketi ya kifuniko cha kamshafti na oringi ya mfuniko wa oili. Ndiyo, hata mfuniko wa oili, kwa sababu mvuke wa injini unarudi kwenye manifoldi, mabomba ya kuingiza hewa kwenye silinda, na ukivuja pale ni hewa ya wizi vilevile. Kipimo ni rahisi, gari ikiwa silensa fungua mfuniko wa oili, injini ikiyumba sana au ikizima hapo mfumo wako umefunga vizuri, isipobadilika hata kidogo bado kuna tundu mahali, endelea kutafuta.

Halafu presha, na hapa usikwepe kununua geji. Kuna seti ya geji ya K-Jetronic yenye valvu ya njia tatu katikati, inafungwa kwenye ile laini inayotoka juu ya distributa kwenda kwenye regyuleta. Mi niliagiza yangu na imeshanirudishia pesa yake mara nyingi. Bila hiyo geji fundi anabahatisha tu, na gari yangu ilibahatishwa kweli, kuna gereji moja walizungusha skrubu ya mchanganyiko zaidi ya mzunguko mzima bila kupima chochote, gari ikatoa moshi mweusi mpaka plagi zikalowa, wakaniambia mtambo umekufa, kumbe skrubu hiyo inatakiwa kusogezwa kidogo mno, kama mshale mrefu wa saa unavyosogea dakika mbili tatu.

Kupima, chomoa rilei ya pampu, unganisha tundu namba 30 na 87 kwa waya wenye fyuzi ili pampu itembee bila injini kuwaka. Valvu ya geji ikiwa imefungwa upande wa regyuleta unasoma presha ya mfumo, iwe maeneo ya bar 5, namba kamili ya gari yako iko kwenye kitabu cha data. Fungua valvu unasoma kontroli presha, injini ikiwa baridi iko chini, halafu unganisha umeme wa regyuleta uone inapanda polepole, ikishapata moto ikae bar 3.4 mpaka 3.8 hivi. Isipopanda kagua plagi ya umeme ya regyuleta kabla hujalaumu regyuleta yenyewe. Halafu zima pampu uangalie sindano. Baada ya dakika 20 bado kuwe na zaidi ya bar 2, ikianguka hapohapo kuna akyumuleta, kopo la kutunza presha pampu ikizimwa, au valvu ya pampu haishikilii, na hiyo ndo inaleta ule ugonjwa wa kusimama sheli dakika kumi halafu gari inakataa kuwaka mchana wa jua kali mpaka upige stata wee. Wengi wanabadilisha stata na betri kwa ajili ya hiyo, bure kabisa.

Pima na ujazo pia. Chomoa laini ya mafuta yanayorudi kwenye tenki, ielekeze kwenye chombo, endesha pampu, unatakiwa upate lita 1 ndani ya sekunde 30. Yangu ilitoa nusu. Nilikimbilia kulaumu pampu, kumbe chujio ndani ya tenki lilikuwa limejaa kutu, nilishusha tenki tukaliosha mara tatu, nikaweka filta mpya na pampu ileile ya zamani ikatoa lita yake. Injini utakayoiongezea pumzi itadai mafuta zaidi kule juu, sasa kama pampu inatoa nusu lita kazi yote ya mbele ni bure.

Kisha nozeli, na hii hatua mi naipenda kuliko zote maana unaona kwa macho yako. Toa betri nje ya gari uiweke mbali kidogo kwa waya mrefu, weka kizimamoto karibu, fanya mahali pa wazi, hakuna sigara, hakuna simu kuchajiwa hapo, petroli ya bar 5 si ya kuchezea. Chomoa nozeli zote sita na laini zake bado zimefungwa, kila moja iingize kwenye chupa ya soda ya kioo, zipange chupa sita kwa mstari juu ya injini. Endesha pampu. Kwanza usiguse kitu, angalia kama kuna nozeli inadondosha tone, hiyo imekufa. Halafu bonyeza sahani ya hewa polepole kwa kidole, utasikia nozeli zinaanza kulia kwa sauti nyembamba, ndo sauti yake ya uzima, na uone zinatoa ukungu wa umbo la koni. Yangu ya silinda ya 4 ilikuwa inatoa mshale mmoja kama mtoto anakojoa ukutani, na ndo silinda iliyokuwa inamisi siku zote. Shikilia sahani mpaka chupa ya kwanza ifike robo, halafu linganisha zote. Tofauti ikizidi kama asilimia 10 badilishana nozeli mbili urudie, tatizo likihama na nozeli ni nozeli, likibaki kwenye laini ileile ni distributa ya mafuta na hapo tafuta ya kufanyiwa ukarabati na mtu anayeijua. Usiifungue mwenyewe mezani nyumbani, ndani kuna vispringi na diaframu ya bati jembamba sana, ukikosea mara moja imekwisha. Nozeli mpya weka zote sita, usichanganye.

Moto nao. Distributa ya moto ifunguliwe usafishe zile uzito za ndani, zinaganda kwa grisi ya zamani na adivansi haiji, yaani cheche haiwahi spidi ikipanda, gari inakuwa nzito juu ya rpm 3000 na mtu anadhani ni mafuta. Pima kwa taa ya taiming, usipime kwa sikio. Vuta hosi ya vakyumu kwa mdomo uone sahani ya ndani ya distributa ya moto inasogea. Tapeti, yaani mwanya wa valvu, ziset injini ikiwa baridi, valvu za ulaji 0.10 mm na za kutolea 0.25 mm, kwa fila geji, na hiyo kazi peke yake inabadilisha silensa. Pima kompresheni silinda zote, tofauti kati ya juu na chini isizidi bar 1.5. Na utazame alama za kamshafti, mnyororo wa taiming ukirefuka kamshafti zinachelewa nyuzi kadhaa na injini inapoteza nguvu ya chini kimyakimya. Mnyororo mpya ndo nguvu ya bei rahisi kuliko zote utakayonunua.

Mpaka hapa hujaongeza kitu, umerudisha tu kilichokuwa kimeibiwa na umri, na nakwambia ukweli, wengi wakifika hapa wanaona gari imeshatosha. Kama bado unataka zaidi twende.

Nguvu mpya kwenye hii injini inatoka kwenye silinda hedi na eksozi. Hedi ikishashuka, na mara nyingi itashuka tu kwa sababu gaidi za valvu (vibomba ambavyo valvu zinateleza ndani yake) za M110 zinaisha na gari inaanza kumeza oili, usirudishe ilivyokuwa. Weka gaidi mpya, siti, pale valvu zinapokalia, zikatwe pembe tatu badala ya moja, kisha kaa na gasketi ya manifoldi, iweke juu ya matundu ya hedi uchore kwa sindano, utaona chuma kimebaki ndani ya mstari hapa na pale, saga hicho tu mpaka tundu la hedi na la manifoldi yakutane bila ngazi. Upande wa ulaji acha uso wa mkwaruzo kidogo, upande wa kutolea unaweza kung'arisha. Usipanue tundu lote kwa tamaa, tundu kubwa linapunguza mwendo wa hewa kwenye rpm za chini, na 280E ni gari nzito, inahitaji nguvu ya chini kuondoka kwenye mataa ya Ubungo. Mi nilitumia jioni nne kwenye matundu 12 na faili la mkono na sandipepa, na sijutii hata dakika moja.

Eksozi, manifoldi ya kiwandani si mbaya, iache. Kinachokaba ni yale masufuria ya kuzuia kelele ya zamani yaliyooza ndani na yale mabomba ambayo fundi wa kuchomelea alikunja kwa moto mpaka yakabanana. Tengeneza mabomba mawili ya kukunjwa kwa mashine, kona laini, masufuria ya kupitisha moja kwa moja. Kelele haikuongezei chochote, gari yangu iko kimya na inapumua.

Kuhusu kupanua silinda, kama bloku imechakaa toboa, pistoni za ovasaizi zipo, lakini usitarajie maajabu. Kutoka milimita 86 kwenda 87 injini inakuwa kama cc 2811, yaani umeongeza cc 64 hivi kwa zote sita. Toboa kwa sababu ya uchakavu, usitoboe kwa sababu ya nguvu. Kompresheni nayo 9.0 inatosha kwa petroli yetu, ukikwangua hedi sana utaanza kusikia injini inagonga mlimani kwenye joto, na kugonga kunaua pistoni.

Kamshafti ndo mahali watu wanapoharibu K-Jetronic halafu wanailaumu. Kamshafti kali ya mashindano inaacha valvu ya ulaji na ya kutolea zikiwa wazi pamoja kwa muda mrefu, kwenye silensa hewa inarudi nyuma kwenye manifoldi kwa mapigo, yale mapigo yanafika kwenye sahani, sahani inachezacheza, planja inacheza nayo, mafuta yanapanda na kushuka na gari inaruka kama pikipiki mbovu. Hakuna skrubu ya kutibu hilo. Ukitaka kuchonga kamshafti mwambie mchongaji akuongezee mnyanyuko wa valvu kidogo lakini muda wa valvu zote kuwa wazi pamoja ubaki karibu na wa kiwandani. Mi nilibaki na kamshafti za kiwandani, mpya, na kila siku naona nilifanya sawa.

Filta ya hewa acha boksi lake la kiwandani na filta ya karatasi safi. Wale wanaoweka koni wazi wanavuta hewa ya moto ya ndani ya boneti na vumbi, na sahani inapata upepo uliovurugika badala ya kutulia.

Sasa kuset mwisho. Chomelea nati ya sensa ya oksijeni kwenye bomba la eksozi karibu na injini, ufunge ile sensa ya kusoma uwiano halisi wa hewa kwa mafuta, petroli yetu haina risasi tangu 2006 kwa hiyo haiharibiki. Injini iwe ya moto kabisa. Skrubu ya mchanganyiko inafikiwa kwa elenki (ufunguo wa pembe sita) ndefu ya mm 3 kati ya distributa na sahani, kulia unaongeza mafuta, kushoto unapunguza. Sogeza kidogo, TOA elenki, kanyaga mara moja, subiri, soma. Usikanyage kamwe elenki ikiwa ndani, utapinda mkono wa sahani. Kwenye mwendo wa kawaida barabarani tafuta uwiano wa 14.5 hivi, yaani hewa 14.5 kwa mafuta 1, ukikanyaga mpaka chini iwe kati ya 12.5 na 13. Ikiwa kawaida iko sawa lakini ukikanyaga inakauka, rudi kwenye geji, huenda kontroli presha ya moto iko juu, na ikikauka karibu na mstari mwekundu peke yake hapo ni ama pampu haitoshi ama sahani imefika mwisho wake. Yangu na hedi iliyosagwa na eksozi mpya haijawahi kufika mwisho.

Regyuleta ina pini inayoweza kusogezwa kwa kugongwa ili kubadilisha presha ya baridi. Igongwe kwa nyundo ndogo kabisa, geji ikiwa imefungwa, gonga mara moja soma, gonga tena soma, maana kuirudisha nyuma lazima ufungue regyuleta yenyewe.

Na laini za mafuta, nakuomba sana, usiweke mpira wa kawaida wa petroli na klipu mbili kwenye mtambo wa bar 5. Nimeona gari imeungua Mbezi kwa sababu ya kipande cha mpira cha shilingi elfu tano. Nunua mpira uliotengenezwa kwa injeksheni, kwenye viungo weka washa mpya za kopa, na ukimaliza endesha pampu dakika tano injini haijawashwa upitishe tishu nyeupe kwenye kila kiungo.

Jambo la mwisho kwa wanaosafiri. Ukiset gari Dar halafu ukapanda Arusha, mita 1,400 hivi, au Nairobi kwenye karibu 1,700, hewa inakuwa nyepesi na sahani inasukumwa kidogo zaidi ya ilivyostahili kwa uzito wa hewa hiyo, mafuta yanazidi, gari inakuwa nzito na inanuka petroli. Baadhi ya regyuleta zina kopo la kusahihisha hilo, nyingi hazina. Mi kabla ya kuondoka napiga alama ya rangi ya kucha kwenye elenki na kwenye distributa, nikifika Moshi napunguza kushoto kwa upana wa alama moja, nikirudi Chalinze narudisha alama kwa alama.